Ufuasi wa Kristo uanzie kwenye ujira wa kibarua

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu imani na haki katika jamii. Naafiki mengi, ila mjadala umeelea juu mno, kana kwamba haki ni kazi ya serikali na maaskofu peke yao.

Yakobo 5:4 inashuka hadi shambani: ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Torati nayo, Kumbukumbu 24:15, inataka kibarua alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia ujira huo. Hakuna fumbo hapo. Lakini yupo muumini asiyekosa kutoa fungu la kumi, huku msaidizi wake wa nyumbani akiambiwa “subiri kidogo”, mwezi wa pili sasa. Hata mimi nimewahi kulitamka neno hilo, tena nikitoka mazoezi ya kwaya.

Napendekeza wachungaji waliingize somo hili katika mafundisho ya ubatizo na kipaimara. Wazee wa kanisa nao, kabla ya tamko lolote kuhusu haki, waulize kwanza kama mlinzi na mfagizi wa kanisa wamelipwa.

Msomaji wenu