Mjibu Rukia, mwanangu

Assalam aleikum mwanangu. Huku hatujambo, kaskazi imekaza na usiku haulaliki kwa joto, babako na goti lake, mimi ni yule yule. Naandika maana jana kwa Botim ulikuwa wakimbilia basi na kila nikifungua mdomo ni "mama ntakupigia", basi nikaona niandike usome ukiwa umekaa. Na usome yote, usiruke mpaka chini kuangalia kama naomba pesa. Siombi pesa.

Shoga yako Rukia alikuja juzi.

Alikuja baada ya alasiri, walikuwa wametoka Mama Ngina na wenzenu kuvunja jungu kabla ya mfungo, akaniletea bakuli la viazi karai na ukwaju wake. Akakaa pale kibarazani. Wewe wamjua Rukia, tangu lini akakaa kibarazani, yeye ni moja kwa moja jikoni kufunua masufuria. Siku hiyo akakaa pale na buibui lake kama mgeni aliyeleta mwaliko, nami roho ikanishtuka. Kisha akatoa simu, mama hebu ona. Nikatafuta miwani. Mistari chungu nzima, jina lako, jina lako, jina lako, kila mmoja na kimshale chake cha kutoka. Asema akikupigia WhatsApp yaandika yaunganisha, yaunganisha, kisha yanyamaza. Akaniuliza, "Mama, amenibloku?"

Nikamwambia hapana, Dubai kupiga kwa WhatsApp kumefungwa, ujumbe waenda na voisi zaenda lakini kupiga hakupigiki, watu wa huko hutumia Botim na mfano wake. Akanitazama. "Mama ulijua lini?" Nikasema si zamani.

Haya, wewe wajua ni zamani au si zamani, hiyo Botim uliniwekea wiki ile ile uliyofika, nduguyo akashika simu. Na Rukia si mara ya kwanza kuniuliza. Aliniuliza mwaka jana, nikamwambia mimi na simu wapi na wapi mwanangu. Niliogopa wataanza kukusumbua, huyu ataka viza huyu ataka simu huyu ataka kukopa. Tuyaache hayo.

Lakini wewe! Mwaka na miezi minane. Neno moja tu, Rukia weka Botim, lingekukata vidole? Bibi yake alipofariki ukamtumia vile vikono viwili vilivyoshikana. Vikono! Na marehemu alivyokuwa kwako wajua mwenyewe, sina haja ya kukukumbusha. Huyu mtoto alinisomea hiyo meseji yako kwa sauti, akatafuta kama chini yake kuna maneno, hakuna.

Najua utasema mama hujui kazi ya huku. Naijua, si wanambia. Watoka kazini saa tano za usiku, huku kwetu ni saa nne, mko saa moja mbele yetu, na Rukia saa nne ameshalala kitambo maana yeye alfajiri saa kumi ameshaamka na unga wa mahamri. Sawa, hamkutani. Ndio nikakwambia voisi. Mtumie usiku ukiwa kwa basi, useme lolote lile, hata umtukane huyo supavaiza wako, yeye ataikuta asubuhi. Mimi nimemwona kwa macho yangu nilipopita kununua mahamri, simu ameiegemeza kwa kopo la iliki, mikono yote miwili imo kwa unga mpaka hapa, na asikiliza voisi za wenzenu moja baada ya nyengine, moja ikiisha aigusa simu kwa kiwiko. Kwa kiwiko! Simu yenyewe imejaa unga, sijui yafanyaje kazi. Hapo ndipo nataka sauti yako iwepo.

Na hili la pesa nalo. Wajua kwa nini wakuona tajiri? Ni hizo status zako. Leo uko kwa moli, kesho uko chini ya lile jumba refu, na miwani. Watu huku wachukua mshahara wako wa dirhamu 1,800, dirhamu moja ni kama shilingi 35, wapiga hesabu wapata 63,000, wasema kumbe fulani analala kwa noti. Hukuwaambia hizo 700 za kitanda. Hukuwaambia ni kitanda na si chumba, kwamba mko sita humo ndani huko Deira na wewe wapanda ngazi kulala juu, na kwamba zinazobaki zaja huku kwetu. Ni aibu gani hiyo? Mwambie Rukia kweli, yeye hakuombi, na kama ataomba mwambie sina, atacheka mambo yaishe. Mtu ukimwambia sina hakuchukii, akuchukia ukimnyamazia. Ile siku ulinitumia video wavuka na abra, ile mashua ya huko, wasema ni dirhamu moja tu mama, nikacheka nikasema sisi feri ya Likoni kwa mguu wavuka bure, hiyo ndiyo ungemtumia, angelia kwa kucheka.

Usinielewe vibaya, mimi najivunia wewe. Mwana wa kike kwenda peke yake nchi ya watu na kusimama, mashallah, nikipita mtaani huku Kibokoni watu waniuliza hali yako najibu nikiwa nimeinua kichwa. Ila kichwa kikishuka najiuliza huyu akirudi atarudi kwa nani. Kwangu, ndio. Na mimi nitakaa miaka mingapi? Siku Mungu akinichukua, babako na hilo goti, nduguyo hajui hata kununua mkate, nani atakupigia? Nani atakaa na wewe kwa simu usiku huo huo ukitafuta tiketi? Atakayeingia hapa kuniosha ni wale wale ambao leo wasoma tiki za buluu na jibu hawapati. Juzi juzi kuna kijana wa Majengo aliugua vibaya huko huko Ghuba, hakuna mjomba wala ami aliyekimbia huku na huku, ni vijana wa maskani yake waliochanga mia mia mpaka akarudi. Mia mia. Mimi nikisikia habari hizo silali, nahesabu nani angekuchangia wewe, nafika Rukia, kisha nakumbuka vile vikono.

Babu yako mzaa babako alikuwa na rafiki yake huko huko uliko. Majahazi yalikuja na kaskazi yakirudi na kusi, barua aliiweka mkononi mwa nahodha hapo Bandari ya Kale na jibu akilingoja kaskazi ya pili, na hasira hakuwa nayo, na majibu alipata. Wewe wapanda basi na simu mkononi saa nzima.

Na hili la kuondoka, najua wanitafuta ubaya nalo hata kama husemi. Ndiyo, mimi ndiye niliyekwambia usimwambie mtu. Viza ilikuwa bado, ajenti asema leo asema kesho, pesa ya mchezo, ule upatu wetu, yote nimeshaitoa, na macho ya watu wayajua. Nikasema kaa kimya mpaka ndege iruke. Sasa nilimaanisha majirani, mimi nilimaanisha wale wa uchochoroni, sikujua utamficha hata Rukia, akaja kuona picha yako uko eapoti na sanduku, jioni ile ile akaja kugonga na mahamri kwa mfuko ati ya safari. Wewe ulikuwa umeshapaa. Nikamwambia ilikuwa ghafla sana. Mahamri tuliyala sisi.

Basi. Na nilimwambia juzi, hapo kibarazani, kwamba ni mimi niliyekuziba mdomo. Sijui alinisikia maana mtu wa maji alikuwa apita na mkokoteni wake apiga kelele.

Maji hayajatoka siku ya nne leo, twanunua madumu, na friji imeanza tena ule mlio wake, fundi aja asema ni gesi, akaja wa pili asema si gesi, nimemwambia babako tuiache mpaka izime yenyewe tujue moja. Nduguyo amepata kibarua cha duka hapo Marikiti, aamka mapema siku hizi, shukuru Mungu. Paka amezaa ndani ya sanduku lako, lile la viatu. Wanne. Sikuwatoa. Tokeni za stima zaisha kama maji, ni hiyo friji tu.

Sasa sikiza, harusi ya Rukia ni mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Sikusema mwanzo kwa sababu nilitaka usome yote. Tulienda naye Biashara Street Jumamosi kununua sare ya mashoga, wamechagua shifoni rangi ya embe bivu, si mbaya, mimi ningechagua nyengine. Na leso wamenunua, jina lililoandikwa juu yake sikuandikii, utasema natafuta maneno. Alikuwa na karatasi ya majina kwa kununulia vitambaa. Lako lilikuwepo, la pili kutoka juu, limekatwa. Si kwa hasira, ni mstari mmoja mwembamba wa penseli, mtu aweza kuufuta. Aliona nimeuona akaikunja karatasi. Nikamwambia muuzaji akate na mita tatu na nusu nyengine, nikatoa 1,400 yangu, hakusema kitu, akakishika kitambaa chako akakiweka pamoja na vyengine ndani ya mfuko wake yeye.

Najua likizo yako ni mpaka mwezi wa nane, sikwambii uje. Ivae huko huko kitandani kwako juu, upige picha. Lakini fundi ataka vipimo kabla ya mfungo, Ramadhani ikiingia hapokei kazi tena, bega, kifua, kiuno na urefu, na usiseme ni vile vile, kwa picha naona umenenepa mashallah. Na vipimo usinitumie mimi, mimi sivitaki. Mtumie Rukia. Namba yake ni ile ile. Nasikia bomba lakoroma, maji yaja, wacha nikakinge.

Mamako