Popuri inahitaji ubani, si rangi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie popuri, ule mchanganyiko wa maua makavu na viungo unaowekwa kwenye bakuli ili nyumba inukie. Hapa Dodoma zinauzwa pakiti nyingi za vipande vya mbao laini, vimepakwa rangi nyekundu na zambarau, vikanyunyiziwa manukato juu juu. Siku tatu za kwanza sebule inanukia. Wiki ya pili vimebaki vipande visivyonukia, na mnunuzi anashauriwa anunue kichupa cha kuongezea. Sisi tunaochanganya vitu hivi tunasema wazi kwamba kasoro haiko kwa mnunuzi wala kwa hali ya hewa ya Dodoma. Kilichokosekana ni kishika harufu, na kishika harufu kizuri kipo sokoni Majengo: ubani.

Harufu ni mafuta mepesi yanayoruka hewani. Yakikaa juu ya petali au ubao mkavu, joto la chini ya bati mwezi wa Oktoba na upepo wetu huyamaliza haraka. Ubani ni utomvu. Mafuta hujifunga ndani yake na kutoka kidogo kidogo kwa miezi. Ulaya wanatumia mzizi wa ua liitwalo airisi, uliokaushwa na kusagwa, na maelezo mengi ya kutengeneza popuri huutaja huo, ndiyo maana watu wetu hukata tamaa kabla ya kuanza. Hauhitajiki. Manemane nayo inafaa, ila harufu yake ina uchungu, basi iwe nusu ya kipimo cha ubani.

Kwa vikombe 4 vya maua na majani makavu, chukua vijiko 2 vya chakula vya ubani, kijiko 1 cha karafuu nzima, vijiti 2 vya mdalasini vilivyovunjwa, maganda makavu ya machungwa 2, na matone 10 hadi 15 ya mafuta ya mimea, kwa mfano ya mkaratusi, mchaichai au karafuu. Ubani upondwe kwenye kinu hadi uwe kama chenga za mchele, usiwe unga. Unga hushuka chini ya bakuli na njiani hupaka petali zote vumbi la kijivu.

Hatua inayorukwa na wengi ni hii: mafuta yadondoshwe kwenye ubani peke yake, ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko, yakae siku 2. Baada ya hapo ndipo uchanganye na maua. Ukidondosha mafuta moja kwa moja kwenye petali, zinapata madoa na harufu inakimbia. Mchanganyiko uingie kwenye chupa ya kioo hadi theluthi mbili tu, ili upate nafasi ya kugeuka, ufungwe na kuwekwa kabatini gizani kwa wiki 4 hadi 6. Wiki ya kwanza utikise kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki. Ukifungua siku ya tano utasikia karafuu inamfukuza kila mtu. Usiongeze kitu. Harufu bado hazijaoana.

Kwa ukaushaji, mkoa wetu umependelewa. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu na hewa ni kavu. Maua yachumwe asubuhi umande ukishakauka, kabla ya saa tatu, yatandazwe kwenye ungo kivulini, safu moja, na kufunikwa kipande cha chandarua kwa sababu ya vumbi. Jua kali hufukuza rangi na mafuta kwa pamoja, kwa hiyo kuanika juu ya bati ni kosa hata kama ni haraka. Petali za waridi huchukua siku 4 au 5. Ziko tayari zikivunjika kwa mlio mkononi. Zikikunjika tu, bado. Ganda la chungwa likwanguliwe ule weupe wa ndani, maana ndimo maji hukaa, na lipewe zaidi ya wiki. Kati ya Desemba na Aprili ni afadhali kuacha kukausha kabisa, au kuwe na chumba chenye hewa inayopita. Ganda moja bichi huotesha ukungu chupa nzima, na ukungu ukishaonekana, mimina yote shimoni. Hakuna dawa.

Si kila ua linalonukia bichi hunukia kavu. Asmini hupoteza karibu harufu yote. Waridi hubaki na kiasi. Mchaichai uliokatwa vipande vya sentimita 3, majani ya mkaratusi na kivumbasi hudumu vizuri, ila kivumbasi kisizidi nusu kikombe la sivyo chumba kizima kitanukia dawa. Kwa rangi tumia bogenvilia: haina harufu lakini ikikauka haifi rangi upesi. Rozela, inayolimwa sana huku kwetu, ina wekundu mzuri wa kiangazi. Msimu wa mvua hunyonya unyevu na kunata.

Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake chungu kilichooza, kwani Wafaransa wa kale walisindika petali kwa chumvi. Njia hiyo bado ipo: petali zilizonyauka kwa siku 2, vikombe 3 kwa kikombe 1 cha chumvi ya mawe, tabaka juu ya tabaka, zikandamizwe kwa jiwe safi wiki 2 au 3. Harufu yake ina nguvu kuliko ya kavu. Sura yake ni ya kahawia isiyopendeza, hivyo huwekwa kwenye chungu chenye kifuniko cha matundu.

Kikombe 1 kinatosha chumba cha mita 3 kwa 3. Chombo kiwe cha kioo, udongo au mbao isiyo na vanishi, kwa kuwa mafuta hula vanishi na plastiki. Nusu ya gamba la ubuyu, likisafishwa na kukaushwa, ni bakuli zuri kuliko mengi ya dukani. Lisiwekwe dirishani wala juu ya friji. Mchana lifunike kwa kawa, jioni lifunue. Vumbi litapungua na harufu itadumu. Baada ya miezi 2, popuri irudi kwenye chupa, matone 4 ya mafuta yaende kwenye chenga za ubani, kisha chupa ifungwe siku 3. Kabla ya kuongeza, toka nje robo saa halafu urudi, maana pua huzoea na mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidisha.

Popuri haitibu harufu mbaya. Baadhi ya nyumba zina bafu la wageni lisilotumika; maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki na sakafuni hukauka, na hewa ya shimo la maji taka hupanda ndani. Mwaga lita 1 ya maji katika kila tundu kila wiki kwanza. Mafuta ya popuri ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo bakuli likae juu. Mwenye pumu asiwekewe chumbani.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo: pakiti iandikwe tarehe ya kuchanganywa, kishika harufu kilichotumika, na kama kuna rangi ya kupakwa. Hadi hapo, mnunuzi aombe kipande kimoja, akivunje na kunusa ndani. Kama harufu iko kwenye ngozi ya nje tu, itaisha upesi. Kisha akisugue kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, itatoka pia kwenye kitambaa cha meza yake.

Wachanganyaji wa manukato ya nyumbani,
Dodoma