Mtoto anayependa ndege asikatishwe tamaa

Ndugu Mhariri,

Wazazi wengi humwona mtoto anayefuatilia ndege kuwa anapoteza muda. Sisi waongoza watalii tunajua jicho la kazi hii hujengwa utotoni, na hamu ya kusafiri huanzia hapo hapo. Ndege aitwaye chozi wa Loveridge anapatikana milima ya Uluguru tu. Mnana wa Clarke yuko Kilifi nchini Kenya, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Anayetaka kuwaona hana budi kufunga safari.

Mtoto aanze na daftari na penseli. Aandike tarehe, saa, mahali, umbo la mdomo, rangi ya miguu na mlio, kabla hajafungua kitabu cha ndege. Akitanguliza kitabu, ataandika alichokiona kwenye picha. Muda mzuri ni saa 12 hadi saa 3 asubuhi.

Darubini ya 8x32 inamtosha kabisa: hukuza mara 8, lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 32, na haimlemei shingoni. Ile ya kukuza mara 12 humsumbua, maana kila mtikisiko wa mkono hukuzwa pia. Kosa tunaloliona sana ni kuinama kuitafuta darubini. Akiinua uso, ndege keshampotea. Akaze macho kwa ndege, kisha ailete darubini machoni bila kugeuza kichwa.

Walimu nao wasaidie. Mbayuwayu wa Ulaya huwasili kuanzia Septemba na kuondoka kati ya Machi na Aprili. Darasa liandike siku walipoonekana mara ya kwanza na ya mwisho.

Waongoza watalii,
Arusha