Harambee ya kumalizia maabara yetu, tunataka iitwe Oliver Tambo

Ndugu zangu wana-Moro, mliosoma hapa, wazazi, na nyie mliohama mji kasoro bahari lakini roho bado iko huku, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Kamati ya shule imetutuma tuombe mchango wa kumalizia maabara. Kuta zimefika kwenye linta, hela imeisha, na mvua zikianza matofali yale yatanyeshewa yote. Watoto wa fomu foo bado wanasoma praktiko kwa kuchorewa ubaoni, yaani mtoto anaingia mtihani wa kemia hajawahi kushika hata testi tyubu, inauma sana.

Jengo likiisha tunataka liitwe Maabara ya Oliver Tambo, aliyekuwa kiongozi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Kwenye kikao kuna mzazi aliuliza kwa nini mtu wa Afrika Kusini, mashujaa wetu hatuna? Swali zuri, na jibu ni kwamba Tambo kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hesabu na sayansi. Alizaliwa 1917 kijijini huko Mbizana, akasoma chuo cha Fort Hare akapata digrii ya sayansi, akafukuzwa chuo kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, akaenda kufundisha shule ya St Peter's, Johannesburg. Watu wanamjua kama wakili mwenzake Mandela, na kweli 1952 walifungua ofisi pamoja na watu weusi walikuwa wanajazana mpaka kwenye korido kutafuta msaada, maana sheria za ubaguzi zilikuwa zinawakamata kwa kila kitu, pasi za kutembelea, nyumba, mpaka mlango uliopitia. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa chaki.

Halafu Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini wakaua watu 69 waliokuwa wanapinga sheria za pasi pale Sharpeville. ANC ikamtuma Tambo atoke nje akautangazie ulimwengu, akavukia Botswana ya leo akafika Dar es Salaam, na hakurudi kwao mpaka Desemba 1990. Miaka 30 jamani! Mandela yuko gerezani, wenzake wengi wako gerezani, na huyu bwana mpole, mkristo wa sala kabisa, anazunguka dunia kuomba silaha, vikwazo, dawa na skolashipu, na huku anazuia chama kisisambaratike.

Na kilitaka kusambaratika, tena hapa hapa Morogoro. Makao ya ANC yalikuwa kwetu, na mwaka 1969, kuanzia Aprili 25 mpaka Mei 1, wakafanya mkutano wao mkubwa hapa. Wapiganaji vijana walikuwa na hasira kwamba viongozi wamewasahau makambini, maneno yakawa makali, Tambo akajiuzulu mwenyewe, wajumbe wakamrudisha. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kiongozi anayekubali kusemwa na vijana wake halafu anabaki kufanya kazi nao. Mkutano huo huo ndio ulifungua uanachama kwa watu wa rangi zote.

Baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana na kupigwa risasi 1976, watoto wakaanza kukimbia kwao kwa maelfu, na serikali yetu mwaka 1977 ikawapa ANC lile shamba la mkonge la zamani pale Mazimbu. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi Aprili 1979, na Agosti 1985 Tambo mwenyewe akaja kuifungua rasmi. Mwaka 1992 wakatukabidhi majengo yote, leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya waliofia huku bado yapo pale, na watoto wetu wengi wanapita na daladala hawajui ni ya nani. Tambo alifariki Aprili 24, 1993, akabakiza mwaka mmoja tu na siku tatu aone kura ya watu wote.

Sasa tunachoomba. Bati, mbao, saruji, nondo, chochote, ukiwa na duka la vifaa tupunguzie bei, ukiwa fundi tupe siku yako moja. Mwenye elfu mbili alete, mwenye laki alete, zote zinaandikwa kwenye daftari moja na risiti utapewa. Tunahitaji pia mizani, hadubini na meza zenye sinki, hizo tunaomba hasa nyie mlio nje ya nchi, na kama kuna mtu ana picha za zamani za Mazimbu naomba atuazime tuzikopi tuzibandike humo ndani watoto wazione.

Michango inapokelewa kwa mweka hazina wa kamati au ofisi ya mwalimu mkuu, siku za shule, na Jumapili baada ya ibada na Ijumaa baada ya swala tutakuwa na watu nje wenye vitambulisho vya shule, asiye na kitambulisho usimpe hela. Ukituma kwa simu andika jina lako na mwaka uliomaliza, wasiosoma hapa andikeni tu mtaa.