Makaburi ya manamba yapimwe kabla trekta halijarudi

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa tatu mwaka huu trekta la kulima mashamba mapya ya mkonge lilifika ukingoni mwa mibono ya makaburini iliyo nyuma ya kijiji chetu, hapa wilayani Korogwe, likasimama. Dereva ni kijana wa hapa hapa. Alizima injini, akashuka, akaja mpaka kwangu kuniuliza: "Bibi, pale si ndipo alipo babu?" Nikamwambia ndipo. Akageuza trekta akaenda kulima upande wa pili. Namshukuru sana kijana yule, lakini siku nyingine dereva atakuwa mgeni, na ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti lako.

Kijiji chetu zamani kilikuwa Kambi Namba Tatu ya shamba la mkonge. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nilizaliwa 1954 katika moja ya nyumba zile za laini, chumba kimoja kwa familia nzima. Baba yangu alikuwa Muha wa Kasulu. Aliandikishwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua tangu 1944, akaletwa huku 1951 wakati bei ya mkonge ilikuwa juu sana kwa sababu ya vita vya Korea. Alipewa namba. Ndiyo maana vibarua hao wa mkonge waliitwa manamba, na vijana wa leo wanaolitumia neno hilo kama tusi wajue wanamtaja mtu aliyeitwa kwa namba asubuhi na jioni.

Baba alikuja kwa mkataba, akitarajia kurudi kwao na mahari. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30, na siku haikuandikwa mpaka umalize kazi yako yote. Ukibakiza mizigo michache mnyapara haandiki, na siku hiyo umeitumikia bure. Alfajiri kilipigwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe, nao wakaenda gizani kukata. Majani 30 mzigo mmoja, kila jani limepunguzwa mwiba wa ncha, kisha mizigo ibebwe begani mpaka kwenye reli ndogo ya shambani. Baadaye alihamishiwa korona, mashine inayoponda jani kwa visu butu huku maji yakimiminika, singa nyeupe, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka upande huu na makapi yanakwenda na mfereji upande ule. Maji ya mkonge yanawasha. Mikono ya baba ilikuwa na magamba mpaka anakufa, na mama alikuwa akimpaka mafuta ya nazi kila usiku kabla hajashika chakula.

Waliokuwa kambini hawakutoka sehemu moja. Waha na Warundi walikuwa na laini zao, Wamakonde zao, kisha Wangoni, Wabena na Wanyaturu. Jumapili sindimba ya Wamakonde ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Watoto tulikuwa hatuna lugha ila Kiswahili, na ndicho kilichotufanya tuwe watu wa mahali pamoja.

Nilipofika darasa la tano nilikuwa miongoni mwa wachache kambini wanaoandika vizuri. Jioni watu wazima walikuja na karatasi na bahasha, wakakaa kwenye gogo, wakaniambia cha kuandika kwenda Kasulu, Songea, Singida. "Mwambie mama mimi mzima. Mwambie nikimaliza vipande vinne nakuja." Niliandika barua hizo miaka mitatu. Zilizopata majibu ni chache mno, na wengi wa walionituma niliwaona wakizikwa pale kwenye mibono.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wanapoandika habari za mkonge huanza na miche 62 ya Dakta Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge nchini, iliyofika hai mwaka 1893, wanaruka mpaka 1964 nchi ilipozalisha karibu tani 230,000 na kuongoza duniani, halafu wanaeleza kamba za plastiki na kutaifishwa 1967, na jinsi uzalishaji ulivyoanguka. Hayo yote ni kweli. Lakini kila robota la kilo 250 lililopakiwa bandarini Tanga lilipita mikononi mwa mtu, na watu hao hawana hata kibao. Korona ya kwetu ilizimwa 1992. Chuma kiliuzwa, mabati yakang'olewa, tukabaki sisi na mwembe.

Sasa mkonge umerudi na mimi ni wa kwanza kufurahi. Mjukuu wangu amepata ekari zake kupitia ushirika, amevuna mara ya kwanza, na kwa fedha hizo ameezeka nyumba. Sitaki mtu adhani napinga shamba. Naomba vitu viwili tu, na vyote viwili havina gharama kubwa.

Kwanza, eneo la makaburi lipimwe na kutengwa. Halizidi ekari tatu. Hakuna saruji pale wala msalaba, ni matuta na mibono iliyopandwa kichwani mwa kila marehemu, kwa hiyo kwenye ramani panaonekana kama pori. Nchi yetu ina sheria ya kuhamisha makaburi, na kwa mtu aliyejengewa kaburi la vigae inafuatwa vizuri, familia inaarifiwa na kulipwa fidia. Manamba familia yake iko Kasulu au Msumbiji na haijui hata alikozikwa. Nani ataarifiwa? Bodi ya Mkonge na halmashauri ndio wanaogawa na kupanga mashamba haya, nawaomba watume mpimaji kabla ya vuli.

Pili, madaftari. Katika ofisi ya zamani ya shamba bado kuna rafu mbili za madaftari ya vibarua: namba, jina, kabila, kwao wapi, siku aliyofika, vipande alivyomaliza. Kwa wengine safu ya mwisho imeandikwa neno moja tu, "amekufa", na tarehe. Bati la juu limetoboka. Masika iliyopita niliingia na kijana mmoja nikakuta mchwa wamekula rafu ya chini nusu nzima. Yale yaliyobaki tuliyafunika kwa turubai. Nimewaeleza wahusika kwa mdomo mara mbili nikaambiwa ni karatasi zisizo na kazi.

Zina kazi. Mwaka juzi alikuja kijana kutoka Kigoma kwa basi, amelala njiani siku moja, mkononi ana kadi ya kipande ya babu yake iliyofifia, namba tu ndiyo inasomeka. Bibi yake kule alikuwa mahututi na alitaka kujua kama mumewe alioa mwingine au alikufa. Tulikaa na daftari kutwa. Saa tisa alasiri tukaiona namba, na ile safu ya mwisho. Alikufa 1958, miezi saba baada ya kufika, hakuoa mtu. Kijana alipiga simu kwao pale pale mlangoni mwa ofisi, akasema kwa Kiha, nami nikamsikia bibi upande wa pili akiuliza mara mbili, kama niulizavyo mimi siku hizi masikio yakikataa. Nilimpeleka kwenye mibono. Lipi hasa ni la babu yake sikuweza kumwonyesha. Alichota udongo wa pale akautia kwenye leso.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ikituma gari siku moja tu, madaftari yote yanaenea nyuma ya pikapu.

Nimehesabu matuta 117. Kati ya hayo 43 nayajua majina, nimeyaandika kwenye daftari la shule pamoja na kwao kila mmoja, na la baba yangu ni la nne kutoka njia ya mtoni. Mpimaji akija aulize nyumba ya mwalimu, karibu na mwembe wa kengele. Nitatembea naye mwenyewe, lakini aje asubuhi, mchana magoti hayanipeleki mbali.

Mtoto wa Manamba,
Korogwe, Tanga