Bumba kwenye mkarafuu wa babu yako

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Huku Konde tu wazima, mamako anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema roboti zenu zikichagua mahali pa kwenda zinagawika nusu kwa nusu, kila upande unang'ang'ania mahali pake mpaka betri zinakwisha, na wenzako wanataka roboti moja iwe kiongozi. Nakuomba, msifanye hivyo kwanza.

Jumamosi bumba la nyuki lilitua kwenye mkarafuu wa babu yako, likaning'inia kama fenesi. Nilikaa chini yake tangu saa tatu asubuhi. Wapelelezi, yaani nyuki wanaotafuta makao mapya, walikuwa wakicheza juu ya migongo ya wenzao: anakwenda mbele akitikisa tumbo, anazunguka, anarudia. Mmoja alijaa vumbi la chokaa, nikajua katoka kwenye ufa wa nyumba kongwe. Mtafiti wa nyuki Martin Lindauer naye mwaka 1949, pale Munich, Ujerumani, aliwaona wakicheza wamepakaa masizi na vumbi la matofali.

Malkia yumo katikati, hana neno. Aliyeona shimo zuri hucheza sana, aliyeona baya hucheza kidogo, na kila akitoka kulitazama tena hupunguza, mpaka ananyamaza. Hakuna anayeshikilia kauli yake milele. Na anayemfuata haridhiki kwa kusikia tu, huenda akaone mwenyewe.

Mashimo mawili yakiwa sawa je? Hapo ndipo mlipokwama nyinyi. Mtafiti wa nyuki Thomas Seeley na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba mpelelezi humgonga kwa kichwa chake mchezaji wa upande wa pili, huku akitoa mlio mfupi. Akipigwa mara nyingi, huacha kucheza. Basi roboti yenu ikipokea ujumbe wa wapinzani, iache msimamo wake kwa muda, ikatazame upya. Wala msisubiri zote zikubali: nyuki wakifika ishirini au thelathini pamoja shimoni, shauri limekwisha.

Zile roboti 1,024 za Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2014, kila moja ilizungumza na jirani zake tu, na zikajipanga umbo la kiti cha pweza. Hazikuwa na nahodha.

Saa tisa bumba likanyanyuka lote kwa mvumo mmoja. Mzinga nilioupaka nta chini ya mwembe wakaupita, wakaingia ukutani. Fundi nimemwambia ufa ule asiuzibe.

Babako