Unatumia dawa za kushusha kinga? Tuonyeshe pakiti zako kabla ya kununua antibiotiki

Mtu aliyepandikizwa figo akishikwa na kikohozi au fangasi za mdomoni, mara nyingi huingia duka la dawa lililo karibu na kusema, "Nipe antibiotiki kali ya siku saba." Asipoulizwa anatumia dawa gani nyingine, anaweza kupona kikohozi na kuharibu figo. Ndiyo maana hapa dukani kwetu Kisumu tunakuuliza maswali kabla ya kufungua kabati.

Chukua takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo iliyopandikizwa, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Prograf. Mwili huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye utumbo na ini. Klarithromaisini na erithromaisini, ambazo ni antibiotiki, na flukonazoli, dawa ya fangasi, hukizuia kimeng'enya hicho. Unameza kipimo kile kile cha kila siku, lakini dawa haitoki kwa kasi ya kawaida, inarundikana kwenye damu. Baada ya siku chache mikono inatetemeka, kichwa kinauma, presha inapanda, na vipimo vinaonyesha potasiamu na kreatinini (taka ambayo figo huitoa kwenye damu) ziko juu. Wengi hudhani ni ule ugonjwa wa kwanza unazidi. Azithromaisini ni ndugu wa klarithromaisini lakini haikisumbui sana kimeng'enya hiki, kwa hivyo mara nyingi ndiyo tunayomtajia daktari, isipokuwa mgonjwa ana tatizo la mapigo ya moyo.

Rifampisini, dawa ya TB, hufanya kinyume kabisa. Huufanya mwili utengeneze kimeng'enya kingi zaidi, takrolimasi inashuka mno, na mwili unaweza kuanza kuikataa figo huku mwenyewe hahisi chochote. Nguvu hiyo hukomaa ndani ya wiki moja au mbili, na ukiacha rifampisini huchukua kama wiki mbili kuisha. Daktari wa TB na daktari wa figo wanapaswa kuzungumza kabla hujameza tembe ya kwanza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni siku ya kumaliza dozi. Tuseme daktari alikupunguzia takrolimasi kwa sababu ya flukonazoli. Flukonazoli ikiisha, kimeng'enya kinarudi kazini, na kile kipimo kidogo hakitoshi tena kuilinda figo. Kwa hivyo damu hupimwa dozi ikianza, na hupimwa tena ikiisha. Tukikuuzia dawa ya aina hiyo kwa cheti cha daktari, tunaandika kwenye bahasha tarehe ya kumaliza, na tunakuomba umpigie daktari simu kabla ya siku hiyo.

Kipimo cha damu chenyewe kina masharti yake. Ikiwa unameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, damu hutolewa asubuhi kabla hujameza. Ukimeza kwanza ndipo uende maabara, namba itatoka juu na daktari anaweza kukupunguzia dawa bila sababu. Kwa wanaosafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret: beba tembe ya asubuhi mfukoni, umeze baada ya kutolewa damu.

Si wa figo pekee wanaohusika. Wenye yabisi ya viungo hupewa methotrekseti, nayo hushusha kinga, mara moja kwa wiki, na antibiotiki ya Septrin juu yake ni hatari. Zote mbili huziba njia ya foleti, vitamini ya kutengenezea damu, chembe za damu hushuka na mdomo hujaa vidonda. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, nayo haipatani na alopurinoli ya gauti. Daktari akilazimika kuziunganisha, azathioprini hupunguzwa hadi robo au theluthi ya kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo watu hununua kama peremende, huibana figo ambayo takrolimasi tayari inaibana.

Na homa? Huku kando ya ziwa kila homa huitwa malaria. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa, joto la nyuzi 38 ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, apimwe malaria na maambukizi mengine pia. Kwa hali hiyo hatutakuuzia dawa ya kubahatisha, hata ukisisitiza.

Tunachofanya ni hiki: tunakagua kila dawa unayotumia, pamoja na za mitishamba, tunampigia daktari wako mbele yako, kisha tunakuandikia ratiba ya saa. Ushauri huu haulipishwi. Njoo na pakiti zenyewe badala ya kutaja majina kwa kichwa, maana Prograf humezwa mara mbili kwa siku na Advagraf mara moja. Zote ni takrolimasi, lakini haziwezi kubadilishana bila daktari kuamua na damu kupimwa upya.